Kuni: mti uliokaukia wima, au mbichi unaoukausha mwenyewe?

Masika yakikaribia, swali hili hurudi kwa mama ntilie na wabanika samaki wa huku kandokando ya Ziwa Victoria.

Kwa uharaka, mti uliokufa wima unashinda. Upepo na jua vimeshaufanyia kazi, wala haunyonyi unyevu wa ardhini kama gogo lililolala. Ila usidanganyike: matawi hukauka kwanza, na shina karibu na mizizi mara nyingi bado lina maji. Gonganisha vipande viwili. Vikilia kwa sauti kali, vimekauka. Vikitoa mlio mzito, vianike tena, la sivyo moshi utakutoa machozi.

Kwa usalama, bora mbichi. Mti mfu huoza ndani bila kuonekana, na tawi lake laweza kumwangukia mkataji. Chungulia pia mapango ya shina, huenda nyuki au hondohondo wanaishi humo.

Mbichi unadai kupasuliwa mapema, banda lisilovuja na miezi ya subira. Kwenye msitu wa hifadhi, uliza TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) kwanza, hata kwa mti mfu.

Mwenye mikaratusi yake Misungwi akate mbichi Juni, kiangazi kikianza. Anayehitaji moto wiki hii, na ana mkataji mzoefu, achukue mfu.