Kununua redio ya kusikilizia taarab na dansi la zamani hapa Tanga, ipi ianze ipi ifuate

Wadau, kabla hujatoa hela jiulize kwanza unasikiliza nini, maana spika utakayoileta nyumbani ndo itakuja kukuchagulia nyimbo. Huku Ngamiani naona sana, mtu kakulia kwenye Black Star na Lucky Star, taarab yetu ile ya magitaa, anaweka sabufa kubwa sebuleni na baada ya muda anapiga singeli na modern taarab tu, ukimuuliza anasema za zamani hazipigi. Zinapiga sana! Ila rekodi za miaka ya 60 na 70 nyingi ni mono, yaani sauti moja isiyogawanywa kushoto na kulia, na utamu wake uko katikati, kwenye sauti ya mwimbaji na gitaa, na sabufa za bei rahisi hapo katikati ndo pamepwaya, zinatoa mdundo chini na kelele juu.

Kwa hiyo huu mpangilio ni wa mtu anayependa bendi za dansi za hapa Tanga kama Atomic na Jamhuri Jazz, au mwimbaji wa taarab Shakila wa enzi zile. Kama unataka ya kupigia singeli mtaani basi ugeuze juu chini.

Namba moja, amplifaya ya mtumba na spika mbili za mbao. Hapa tukae kidogo maana ndo kuna utamu na ndo watu wanapigwa. Soma nyuma ya mashine volti ngapi, vitu vilivyotumika Japan ni volti 100 na umeme wetu ni 230, ukichomeka hivihivi umeunguza, na muuzaji akikwambia anakubadilishia plagi mwambie plagi haibadilishi volti, unataka transfoma ya kushusha umeme. Kisha toa kitambaa cha spika uguse ule ukingo unaozunguka koni, wa mpira unadumu, wa sponji na joto letu hili unaoza unakatika kama mkate mkavu. Bonyeza koni taratibu kwa vidole, ukisikia mkwaruzo achana nayo. Spika za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) zinakubaliana na amplifaya nyingi za zamani, za omu 4 zinaweza kuichemsha. Na kama unakaa karibu na bahari, Raskazone huko, chumvi inashika ncha za waya, uwe unazikagua, zikiota kijani kata uchune upya.

Halafu nenda dukani na flashi yako, usijaribie nyimbo za muuzaji, hizo kachagua zinazoisifia mashine yake. Weka wimbo unaoujua mpaka pale mwimbaji anapovuta pumzi, na utoke kwenye CD, sio ule uliorushwa simu hadi simu. Dakika moja ya CD ni kama MB 10, MP3 ya 128 (kilobiti kwa sekunde) ni kama MB 1 tu, na ikishabadilishwa mara mbili tatu matoazi yanakuwa kama maji yanamwagika. Mashine nzuri inauanika huo uchafu wote, mtu anadhani kauziwa mbovu kumbe nyimbo zake ndo chafu, kwa hiyo tenga hela kidogo ya kutafuta kopi safi.

Namba mbili, hedifoni za waya zinazofunika sikio lote. Kwa hela ndogo hakuna kinachozishinda, unasikia hadi kidole kinavyoteleza kwenye waya wa gitaa. Simu yako kama haina tundu nunua kile kiunganishi. Nimezishusha kwa sababu moja tu, taarab inataka watu, mmoja anatikisa kichwa mwingine anaitikia, peke yako raha inapungua.

Namba tatu, spika ya bluetooth. Kwa mono boksi moja linatosha kabisa, na umeme ukikatika unaendelea. Chukua yenye uzito na yenye tundu la waya.

Namba nne sabufa. Usidanganyike na maelfu ya wati kwenye boksi, hiyo ni PMPO, haina kipimo kinachoeleweka, uliza RMS, yaani wati halisi inazotoa mfululizo. Kama tayari unayo usiiuze kwa hasara, shusha besi, itoe kwenye kona ya ukuta, na zile spika zake ndogo zinyanyue zifike usawa wa masikio ukiwa umekaa, maana sauti ya mwimbaji inatokea humo.