Kununua seti ya sarafu za fedha mtandaoni ukiwa Malaba: uzoefu wangu

Mimi ni wakala wa forodha hapa Malaba, upande wa Uganda. Foleni ya malori ndiyo maisha yangu, naijua usiku na mchana. Kwa hiyo kiwanda kimoja cha sarafu cha Ulaya kilipotangaza kwamba kitauza mtandaoni seti ya sarafu nne za fedha safi, toleo maalum lisilorudiwa, niliona ni suala la kuwahi tu. Nikawahi. Na bado nikakosa. Naandika haya kwa sababu kilichonikosesha sicho nilichokuwa nakiogopa, na najua tuko wengi huku tunaopenda sarafu na kuishia kutazama picha.

Kidogo kuhusu mimi na sarafu. Marehemu baba alikuwa mtu wa reli, Tororo. Aliniachia kopo la maziwa ya unga limejaa shilingi za Afrika Mashariki, zile zenye simba amesimama na milima nyuma yake, pamoja na senti kumi zenye tundu katikati ambazo watu walizitunga kwenye kamba. Nilipojifunza kwamba shilingi za simba hadi zile za mwaka 1946 zina robo ya fedha ndani yake, na za kuanzia 1948 hazina hata chembe, nilimwaga kopo zima mezani nikaanza kuzichambua kwa miaka. Sijaacha mpaka leo.

Turudi kwenye mauzo. Yalifunguliwa saa tatu asubuhi ya kwao, yaani saa tano kwetu, wakati ambao ofisini hapakaliki. Nilimwomba mwenzangu anishikie madereva nusu saa. Nilijua kitu kikitangazwa hivi watu hujaa. Mwaka 2019 kiwanda cha sarafu cha Marekani kilitoa toleo moja la pekee la Silver Eagle, sarafu yao ya fedha yenye tai, sarafu 30,000 tu kwa dola 65.95, kila kaya moja tu, na hazikumaliza nusu saa. Mwaka 2011 seti zao 100,000 za sarafu tano, dola 299.95 kila seti, ziliondoka siku hiyohiyo ndani ya saa chache. Hao ni watu wenye intaneti ya uhakika na anwani za nyumbani. Mimi nilikuwa na simu, kompyuta ya ofisi, bando la kutosha na akaunti niliyoifungua wiki mbili kabla.

Foleni ya mtandaoni yenyewe ilikwenda vizuri, lazima niseme ukweli. Ukurasa ulinipa nafasi, ukaniambia nisiondoke wala nisiufungue upya, nikatulia. Baada ya kama dakika ishirini nikaingizwa ndani. Seti zilikuwepo. Nikabofya, ikaingia kwenye kikapu, na saa ndogo pembeni ikaanza kuhesabu kurudi nyuma: dakika kumi za kulipa.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Fomu ilitaka msimbo wa posta, na bila huo haiendi mbele. Sisi huku barua zetu zinakuja kwa sanduku la posta, hatuna tarakimu za mtaa. Nikaandika sifuri tano, ikakataa. Nikaandika namba ya sanduku langu, ikakataa, kwa kuwa ilikuwa fupi. Nikaongeza sifuri mbele ya namba ya sanduku mpaka zikatimia tarakimu tano, ikakubali. Dakika nne zilikuwa zimekwenda. Nikaweka kadi. Benki ikasema inatuma namba ya uhakiki kwa meseji. Nikaikodolea simu macho. Meseji haiji. Nikaomba tena. Ziliingia mbili kwa pamoja, saa ya kikapu ikiwa imebakiza sekunde chache, na nilipoingiza ya kwanza nikaambiwa si sahihi, maana ya pili ndiyo iliyokuwa hai. Kikapu kikafunga. Niliporudi kwenye ukurasa wa seti palikuwa na neno moja: zimekwisha.

Kilichoniuma zaidi kilikuja baadaye. Kabla hata jua halijazama, seti ileile ilikuwa inauzwa kwenye tovuti za minada kwa bei mara tatu, na wauzaji wengine walikuwa na nne, tano. Walizipataje, ikiwa sheria ilisema moja kwa mteja? Na hela yangu ilishikwa siku tisa kabla ya kurudi kwenye akaunti, ingawa sikununua chochote. Niliwaandikia kiwanda nikiwaeleza jambo la msimbo wa posta. Jibu lilikuwa la kunishukuru kwa kuwasiliana. Kama mnauza kwa dunia nzima, fomu yenu na iijue dunia nzima. Nchi ambazo barua zake zinakwenda kwenye masanduku si Uganda peke yake.

Hasira ile ndiyo iliyonirudisha nyumbani. Seti niliyokuwa naitamani tangu zamani haikuwa ya Ulaya. Mwaka 1969 Papa Paulo wa Sita alikuja Uganda, kuanzia tarehe 31 Julai hadi 2 Agosti, Papa wa kwanza kukanyaga Afrika kusini mwa Sahara akiwa madarakani, miaka mitano tu baada ya kuwatangaza Mashahidi wa Uganda kuwa watakatifu, Oktoba 1964. Kwa ziara hiyo zilitolewa sarafu za dhahabu, ambazo siwezi hata kuziota, na sarafu sita za fedha: shilingi 2, 5, 10, 20, 25 na 30. Nchi ilikuwa na sarafu zake yenyewe kwa miaka mitatu tu. Mama yangu alikuwa msichana wakati huo, akawa katika umati wa Namugongo. Hadithi hiyo nimeisikia tangu sijaota meno, lakini sarafu zenyewe sikuwahi kuziona kwa macho.

Nilizipata kwa mfanyabiashara wa sarafu, mzee mmoja wa Ulaya, anayeuza mtandaoni peke yake, bila saa ya kuhesabu dakika. Nilimwandikia, akanijibu siku hiyohiyo. Nikamwomba picha za ukingo wa kila sarafu na picha za pande zote mbili zilizopigwa kwa mwanga wa kulalia, ili mikwaruzo ionekane. Akazituma kumi na nane. Ile ya shilingi 10 ilikuwa na alama ya kidole iliyokauka juu ya ngao, naye aliniambia mwenyewe kabla sijauliza, akapunguza bei. Nikamwambia nahitaji siku nne kupanga hela, akaziweka pembeni bila malipo ya awali. Jumla, pamoja na usafiri na bima, ilikuwa dola 410, yaani kama milioni moja na nusu ya Uganda. Ni hela nyingi kwangu. Sijutii hata senti.

Safari hii nilijiandaa kwenye kadi. Wiki moja kabla nilinunua kitu kidogo cha dola tatu mtandaoni ili kuona namba ya uhakiki inafikaje, nikagundua kwamba benki bado ilikuwa na laini yangu ya zamani. Laiti ningefanya hivyo mapema! Nikabadilisha namba, nikaomba kiwango cha matumizi ya siku kiongezwe. Malipo yakapita kwa mara moja.

Sasa nizungumze kama wakala, maana hapa ndipo wengi wanapopoteza vitu. Kwanza, usikubali sarafu zitumwe kama barua ya kawaida. Kanuni za posta za kimataifa zinakataza sarafu ndani ya barua isiyo na bima, na zikipotea huna pa kudai. Pili, ankara. Wauzaji wengi hupenda kuandika "zawadi" au "mapambo" wakidhani wanakusaidia. Wanakuumiza. Mapambo yanaingia fungu la 7113 la forodha, sarafu zina fungu lake, 7118, na vitu vya wakusanyaji wa sarafu viko 9705. Afisa akifungua boksi akakuta kisichofanana na karatasi, mzigo unalala, na ana haki. Nilimtumia yule mzee maneno ya kuandika: sarafu sita za fedha za Uganda, za mwaka fulani, bei halisi. Akayaandika neno kwa neno. Ushuru nilioandikiwa niliulipa, ikiwemo VAT ya asilimia 18, ambayo ukumbuke haihesabiwi juu ya bei ya sarafu peke yake. Wengi hupiga hesabu ya bei tu kisha wanashangaa kaunta.

Boksi lilichukua siku ishirini na sita tangu lilipotumwa hadi nilipolipokea. Ndani kulikuwa na sponji, ndani ya sponji kasha, na ndani ya kasha kila sarafu katika kapsuli yake, yaani kifuniko chake cha kuihifadhi.

Sikuridhika na macho yangu, nikazipeleka kwa sonara Tororo. Ni fundi wa miaka mingi, naye kama ilivyo desturi yake akainua jiwe la kusugulia na chupa ya asidi.

"Fundi, hizi hazisuguliwi," nikamwambia. "Ukizikwaruza zimekufa."

"Sasa nitajuaje kama ni fedha?"

"Tupime uzito kwanza."

Akaniangalia, akafuta mzani kwa kitambaa. Nilizitoa kapsuli mwenyewe, nikizishika ukingoni kwa vidole viwili juu ya kitambaa cha pamba, kwa sababu jasho la kidole likikaa juu ya sarafu ya kung'aa kama kioo halitoki tena. Ile ya shilingi 10 ni ushahidi. Ya shilingi 2 ikasoma gramu 4. Ya 5, gramu 10. Ya 10, gramu 20. Hapo fundi akaacha kuzungumza na mtu aliyekuwa mlangoni. Ya 20 ikasoma 40, ya 25 ikasoma 50, na ya 30 ikatimia 60 sawasawa. Kila shilingi gramu mbili, bila kukosea. Jumla gramu 184, karibu wakia sita za kupimia madini. Akasogeza sumaku, hakuna iliyotikisika. Akaomba kuishika ile kubwa. Nikampa kitambaa.

Kwa hiyo tathmini yangu ni hii. Mauzo ya kiwanda: sarafu nzuri, foleni ya haki, malipo mabaya kabisa kwa mtu wa huku, na jibu la barua lisilo na maana. Sitajaribu tena mpaka warekebishe fomu yao. Yule mfanyabiashara: nitanunua kwake tena, nimeshamwambia anitafutie shilingi 5 ya Uganda ya mwaka 1972, ile ya pembe saba ambayo iliondolewa mapema na leo ni adimu sana. Amesema nisikae nikiisubiri, na napenda muuzaji anayesema hivyo. Kasoro yake moja: hakuweka cheti chochote wala historia ya seti, nami ningelipa zaidi kidogo kujua ilikaa kwa nani miaka yote hiyo.

Jumapili nilizipeleka kwa Mama. Alitandika kanga mezani kabla sijafungua kasha. Aliipokea ile ya shilingi 30 ukingoni kama nilivyomwonyesha, akaigeuza polepole kuelekea dirishani mpaka korongo na swala wa nembo wakaonekana.

"Na hii tulikuwa tunaitumia sokoni?" akauliza.

"Hapana, Mama. Hizi zilitengenezwa za kuhifadhi."

"Ndiyo maana sikuwahi kuiona." Akaendelea kuishika. "Siku ile nilikuwa na senti hamsini tu, nikanunua muwa njiani."