Laravel au PHP tupu, mfumo wa SACCOS ujengwe na nini?

Nimejenga kwa njia zote mbili kwa hiyo naongea nilichokiona. Mara ya kwanza tuliandika PHP tupu, yani lugha ya kutengenezea tovuti bila fremuweki juu yake, kila kitu kwa mkono wetu, logini yetu, fomu zetu, kuunganisha databesi wenyewe, na mwanzoni ni raha kweli maana unajua kila mstari uko wapi. Shida ikaja pale mwenzetu aliyeandika sehemu ya mikopo alipohama kazi, faili moja lina mistari elfu 3, hesabu ya riba imechanganyika na HTML ya kuonyesha kurasa humo humo, wiki 2 tunatafuta tu riba inakatwa wapi.

Mara ya pili tukachukua Laravel, fremuweki ya PHP (kodi iliyoandaliwa tayari unayojengea juu yake) iliyopo tangu 2011. Aisee mengi unakuta yashafanywa, paswedi zinafichwa kwa hashi, yani zinageuzwa herufi zisizorudishika, na fomu ukisahau kuweka @csrf, alama ya kuthibitisha fomu imetoka kwenye mfumo wako, inagoma kabisa inakutupia era 419, yani inakulinda hata siku umechoka. Jedwali likibadilika unaandika migresheni, yani faili la maelekezo ya mabadiliko hayo, mwenzako anaendesha php artisan migrate na databesi yake inakuwa sawa na yako. Alafu mgeni akija anajua kontrola, faili zinazopokea maombi ya mtumiaji, ziko wapi bila kuuliza mtu, hili kwangu ndo kubwa kuliko yote.

Gharama ipo, kuijifunza kunakula muda na toleo kubwa linatoka kila mwaka lazima uapdeti. Kwa kaskripti ka kutuma ripoti usiku PHP tupu inatosha sana, ila hela za wanachama siziandikii hivyo tena.