CAP kwa makatibu muhtasi: mtaala wake una thamani kuliko cheti chenyewe

Anayetafuta cheti cha kazi ya katibu muhtasi au msaidizi wa mkurugenzi kinachotambulika nje ya nchi moja hakawii kukutana na CAP (Certified Administrative Professional). Kinatolewa na IAAP, chama cha wataalamu wa utawala wa ofisi kilichoanzishwa Marekani mwaka 1942, ambacho kilianza kutahini makatibu mwaka 1951 kwa cheti cha awali kilichoitwa CPS (Certified Professional Secretary). Tunakipendekeza, lakini si kwa matumaini kwamba herufi tatu baada ya jina zitakupandisha cheo.

Mtaala una maeneo 6: mawasiliano ndani ya taasisi, uandishi wa kikazi na utayarishaji wa nyaraka, teknolojia na usambazaji wa taarifa, usimamizi wa ofisi na kumbukumbu, uratibu wa matukio na miradi, na shughuli za uendeshaji. Kabla ya kulipa ada yoyote, yaandike maeneo hayo kwenye karatasi, kisha mbele ya kila moja weka ushahidi wa kazi uliyoifanya ndani ya miezi 12 iliyopita: waraka uliouandika, bajeti ya mkutano uliyoisimamia, rejista uliyoipanga upya. Usiandike "naweza", andika ulichofanya. Mara nyingi kalenda, safari na mihtasari ya vikao hujaza maeneo mawili au matatu, na lile la shughuli za uendeshaji, lenye mambo ya fedha na watumishi, hubaki tupu. Pengo hilo ndilo la kupeleka kwa mkurugenzi wako, kwa sababu linazibwa kwa kupewa kazi halisi, na kazi hiyo huombwi uifanye mpaka uiombe mwenyewe.

Masharti ya kufanya mtihani hutegemea elimu. Mwenye shahada ya kwanza anahitaji uzoefu wa miaka 2, asiye na shahada miaka 4. Wanachama wa IAAP hulipa ada pungufu, hivyo linganisha kwanza gharama ya uanachama na punguzo lenyewe.

Mtihani ni wa kuchagua jibu, na hapo ndipo watu wenye uzoefu mkubwa hujikwaa. Swali linaeleza hali ya ofisini, majibu mawili yanaonekana sawa, na mtahiniwa anachagua lile linalofanana na desturi ya ofisi yake. Kinachopimwa ni kanuni. Mkurugenzi wako anaweza kuwa amezoea nyaraka zote zihifadhiwe milele. Kanuni inataka kila aina ya kumbukumbu iwe na muda wake wa kutunzwa, mwenye ruhusa ya kuifungua, na utaratibu wa kuiteketeza. Eneo hili la kumbukumbu ndilo tunaloshauri lisomwe mwanzo, kwani anayefanya kazi kwa barua pepe pekee hulidharau. Unapojipima kwa maswali ya mazoezi, usiishie kuhesabu uliyokosa. Kwa kila kosa, andika sentensi moja inayosema kwa nini jibu sahihi limelizidi lako.

Cheti huhuishwa kila baada ya miaka 3 kwa kukusanya alama 60 za mafunzo. Tunaliona sharti hili kuwa zuri, ila linawatesa wanaosubiri mwaka wa mwisho. Fungua jalada moja siku unayofaulu, na kila mafunzo yanapokwisha weka uthibitisho, tarehe na idadi ya saa siku hiyohiyo.

Upungufu wake mkubwa ni kwamba hakipimi mikono. Mtu anaweza kufaulu na bado akashindwa kuunganisha orodha mbili za matumizi kwenye Excel. Kwa hilo, kifuatishe na Microsoft Office Specialist: mtihani wa dakika 50 unaofanywa ndani ya programu yenyewe, alama ya kufaulu ikiwa 700 kati ya 1000. Anza na Excel, maana anayeweza kusoma bajeti na kuonyesha ilikopinda huitwa kwenye vikao ambavyo awali alikuwa akiviandalia chai na makabrasha tu.

Wala hakikufundishi kuomba. Andaa ukurasa mmoja wenye mambo matatu: kazi ulizoziondoa mezani kwa mkurugenzi, matokeo yake, na mamlaka unayoyataka sasa, kwa mfano kuidhinisha safari hadi kiwango fulani au kuandaa rasimu ya kwanza ya taarifa ya bodi. Upeleke kabla bajeti ya mwaka haijafungwa. Kwenye tathmini ya utendaji mara nyingi fedha zimeshagawanywa, na jibu linakuwa pongezi bila mabadiliko. Ombi la kulipiwa mtihani liwekwe humohumo, likitaja eneo la mtaala ambalo ofisi yenyewe inalihitaji.

Kwa anayetaka kubaki katika kazi hii na kuikuza, CAP kinafaa. Anayelenga kuhamia usimamizi wa miradi atafaidika zaidi na CAPM, cheti cha ngazi ya kuanzia cha usimamizi wa miradi kinachotolewa na taasisi ya PMI (Project Management Institute), kinachodai saa 23 za mafunzo ya miradi kabla ya mtihani.