Uzoefu wangu: Nililipia wasifu wa kazi, nikarudishiwa tangazo la kazi

Nilikusudia kuandika maoni haya kwa utulivu, kwa kuwa ofisi hii ya kuandaa wasifu, ambayo sitaitaja jina, haikunitapeli kwa maana ya kuchukua fedha na kutoweka. Nililipa shilingi 25,000 kwa lipa namba, nikatumiwa faili, na kwa mpangilio wa kurasa lilikuwa safi kuliko ninavyoweza kutengeneza mimi. Lakini kila ninapolisoma tena hasira inanipanda, na naona ni haki wanaotafuta kazi wajue.

Nafasi niliyoiomba ilikuwa ya Afisa Ugavi katika halmashauri, iliyotangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira. Niliwapa kazi moja tu: wausome wasifu wangu wa zamani, walisome tangazo, kisha wayatangulize yale niliyoyafanya ambayo mwajiri anayahitaji. Kwa miaka kadhaa nimetunza stoo ya dawa na vifaa tiba katika hospitali ya taasisi ya dini. Najua kuagiza kutoka Bohari ya Dawa, kulinganisha hati ya kupokelea mzigo na kilichomo ndani ya maboksi, kuhakikisha dawa inayokaribia kuisha muda inatoka kwanza, na kuhesabu mali inapofika tarehe 30 Juni hadi leja na kadi za stoo zisomeke sawa. Tangazo lilitaka mtu wa kutunza kumbukumbu za bohari na kuandaa taarifa za vifaa. Hayo yote ninayo. Yalihitaji tu kutolewa ukurasa wa pili, chini ya vibarua nilivyofanya nikiwa chuoni, na kuwekwa mahali msomaji atakapoyaona kwanza.

Walichofanya ni kunakili majukumu ya tangazo mstari kwa mstari na kuyapachika chini ya jina la hospitali yetu, kana kwamba ndiyo kazi niliyokuwa nikiifanya. Hawakubadilisha hata nafsi. Mstari wa mwisho, ule ambao kila anayesoma matangazo ya kazi za serikali anaujua, ulikuwa pale pale: “Kufanya kazi nyingine kama atakavyopangiwa na mkuu wake wa kazi.” Kuhusu hesabu ya mali, Bohari ya Dawa au dawa zinazokaribia kuisha muda, hapakuwa na neno hata moja.

Kisha nikakuta kwamba nimekuwa mtumiaji wa NeST tangu 2020. NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi wa umma kwa njia ya mtandao, ulianza kutumika mwaka 2023 ukachukua nafasi ya TANePS, na mimi sijawahi kuufungua. Kwenye usaili wa mahojiano ningekaa mbele ya watu wanaofanya ununuzi kila siku, ambao wangeuona uongo huo kabla sijamaliza kuwasalimu. Tangazo lenyewe linaonya kwamba atakayewasilisha taarifa za kughushi atachukuliwa hatua za kisheria, na katika taaluma yetu, ambayo ina bodi yake ya usajili, jina likishachafuka halisafishiki kirahisi.

Nilipompigia aliyeniandalia, alinijibu kwa sauti ya mtu aliyeamshwa usingizini: “Dada, kila mtu anaongeza chumvi. Ukitaka kuandika ukweli mtupu utakaa nyumbani.” Nilimwomba arekebishe. Akasema marekebisho yanalipiwa upya, na kwamba nisimfundishe kazi. Hiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kupokea maombi, na faili walikuwa wamenicheleweshea wao.

Kwa haki, binti aliyenipokea mwanzoni aliijua kazi. Aliniuliza stoo yetu ina aina ngapi za vifaa, nani anasaini kabla mzigo haujatoka, na hesabu ilipopungua nilifanya nini. Hayo ndiyo maswali ya mtu anayetaka kuulinganisha wasifu na tangazo bila kuongeza kitu, na kama yeye ndiye angeandika, leo ningekuwa ninawasifu. Jioni hiyo niliyajibu mwenyewe, swali kwa swali, nikaandika upya na kupakia maombi kabla ya muda kuisha.

Nimesema mpangilio wa kurasa ulikuwa safi. Sifa hiyo nayo naiondoa. Walinichorea vipimo vya rangi vinavyosema nina ujuzi wa ununuzi wa asilimia 90 na wa mawasiliano wa asilimia 95, takwimu ambazo hakuna aliyezipima, na ili michoro hiyo ipate nafasi wakafuta wadhamini wangu watatu, ambao tangazo linawadai waziwazi pamoja na namba zao za simu. Ombi lingeweza kutupwa kwa hilo peke yake, hata kama kila neno lingine lingekuwa kweli. Nimewadai fedha yangu. Hawajairudisha, na simu zangu hawapokei tena.