Kutoka New Jersey Hadi Bandari ya Meli za Kitalii Manhattan: Ulipie Usafiri Upi?

Anayeishi Jersey City, Newark au Trenton, na ambaye ameshalipia safari ya meli ya kitalii kutoka New York, hubakiwa na ununuzi mmoja ambao wengi huuahirisha hadi usiku wa kuamkia safari, nao ni usafiri wa kuvuka mto Hudson hadi gatini. Fedha zake si nyingi, lakini kosa lake ni ghali. Meli haimsubiri aliyekwama barabarani. Milango ya kupandia hufungwa muda wa saa moja hadi mbili kabla ya kung'oa nanga, na aliyechelewa hubaki na masanduku yake barabarani. Kwa sababu hiyo mpangilio ninaoutoa hapa nimeupima kwanza kwa uhakika wa kufika, pili kwa uzito wa mizigo, na bei nimeiweka ya tatu.

Kabla ya kulipia chochote, soma jina la gati kwenye tiketi yako. Meli zinazotangazwa kuwa zinatoka New York hutumia bandari tatu zilizo mbalimbali: magati ya 88 na 90 ya Manhattan, kando ya barabara ya Twelfth Avenue, gati la Red Hook huko Brooklyn, ambako ndiko inakotia nanga Queen Mary 2, na Cape Liberty, Bayonne, inayotumiwa na Royal Caribbean, ambayo imo ndani ya New Jersey yenyewe. Mwenye tiketi ya Bayonne havuki mto kabisa. Mwenye tiketi ya Brooklyn akodi gari na atoke mapema sana, kwa kuwa lazima ama avuke Hudson na kisha aipite Manhattan, ama azunguke kwa kupitia Staten Island. Yanayofuata yanamhusu anayekwenda Manhattan.

Nafasi ya kwanza naipa feri ya NY Waterway kutoka Port Imperial, Weehawken, upande wa New Jersey, hadi gati la 79 la Manhattan, kwenye mtaa wa 39. Kuvuka huchukua dakika kama 8, na nauli ni takriban dola 10 kwa mtu mzima. Anayetoka Bayonne, Jersey City au Hoboken anaweza kupanda treni ya Hudson-Bergen Light Rail inayosimama Port Imperial, na mwenye gari anaweza kupelekwa na ndugu hadi hapo bila kugusa handaki wala daraja. Ubora wa njia hii hauko katika mwendo wa chombo tu. Ukishuka gati la 79 tayari uko upande wa mtoni wa Twelfth Avenue, yaani upande uleule ulipo meli yako, hivyo huhitaji kuivuka ile barabara pana huku ukiburuta masanduku na kuwashika watoto mikono. Unageuka kushoto na kutembea mitaa tisa kuelekea kaskazini, mahali tambarare, unaipita manowari ya Intrepid iliyogeuzwa kuwa makumbusho, na muda si mrefu unaikuta bandari. Kaa upande wa watembea kwa miguu, maana njia ya baiskeli iko ubavuni na waendeshaji wake hawapunguzi mwendo. Njia hii inamfaa mwenye sanduku moja la magurudumu na begi la mgongoni. Haimfai mzee mwenye maumivu ya magoti, wala familia yenye masanduku sita. Ratiba ya mwishoni mwa juma ni tofauti na ya siku za kazi, kwa hiyo isome ile ya siku yako hasa.

Nafasi ya pili ni gari la kukodi linalokushusha mlangoni. Kwa familia kubwa hili ndilo chaguo sahihi, kwa kuwa wapagazi hupokea mizigo mikubwa pale pale unaposhuka, nawe unabaki na begi lenye pasipoti na dawa, ambalo hupaswi kumkabidhi mtu yeyote. Tatizo lake ni handaki la Lincoln, linalopitisha magari chini ya Hudson. Mwaka mmoja nilimsindikiza mama yangu kwa gari la namna hii, tukakwama kwenye ile barabara ya mzunguko inayoteremka kuelekea handaki, ambako jiji zima liko mbele ya macho yako. Mama aliliona bomba la moshi la meli yake ng'ambo ya maji, akawa ananiuliza kila baada ya dakika chache, "Mwanangu, ile si ndiyo yenyewe?" Ilikuwa ndiyo yenyewe, nasi hatukusogea kwa dakika 50. Tulifika kwa sababu tulikuwa tumetoka saa tatu nzima kabla ya wakati, nami tangu siku hiyo sishauri mtu atoke kwa kuchelewa zaidi ya hapo. Ukiagiza gari kwa programu ya simu, hakikisha bei unayooneshwa imejumuisha ushuru wa handaki.

Nafasi ya tatu ni treni ya NJ Transit, shirika la usafiri wa umma la New Jersey, ingawa anayetoka mbali, kama Trenton au Princeton, aipe ya pili badala ya gari. Kutoka Newark hadi stesheni ya Penn Station ya Manhattan ni kama dakika 20, na kutoka hapo teksi hadi gatini ni safari fupi. Udhaifu wake ni kwamba treni zote hizo hupita katika mahandaki mawili tu chini ya Hudson, yaliyofunguliwa mwaka 1910, na moja likipata hitilafu ratiba nzima huvurugika. Panda treni moja kabla ya ile unayodhani inatosha.

Gari lako mwenyewe naliweka la nne. Maegesho yapo juu ya magati, lakini hulipiwa kwa siku, na kwa safari ya siku saba jumla yake hupita nauli ya teksi kwenda na kurudi. Ongeza ushuru wa handaki na tozo ya msongamano iliyoanza tarehe 5 Januari 2025, dola 9 kwa gari dogo linaloingia kusini ya mtaa wa 60 mchana, hata kama anayepitia handaki la Lincoln hupunguziwa sehemu.

Basi hadi Port Authority, kituo kikuu cha mabasi cha Manhattan, ndilo rahisi kuliko yote kwa bei, na nimeliweka la mwisho kwa sababu ya mizigo: kituo kiko Eighth Avenue, na bado unahitaji basi la M42, kisha mwendo wa miguu.

Wakati wa kurudi hesabu hubadilika. Ushuru wa kuvuka hutozwa kwa anayeingia New York tu. Dereva wa programu aliyesajiliwa New Jersey anaruhusiwa kukushusha Manhattan, si kukuchukua huko, na teksi ya njano halazimiki kukupeleka Jersey City. Akikubali, mpatane bei kabla mizigo haijaingia kwenye buti. Feri, kwa upande wake, inakurudisha kwa nauli ileile.