Kadi za Ukuta wa Berlin: nunua kadi, bango geuza

Nilinunua seti hii, kadi 36 na bango moja, kwa shilingi 1,850 kwenye duka la vitabu hapa Kisumu mjini. Nilitaka niitumie na klabu ya historia Ijumaa jioni. Ni wanafunzi 22 wa kidato cha tatu, wote wamezaliwa Moi akiwa ameshastaafu. Kwao ukomunisti ni neno la mtihani tu.

Nianze na bango, maana ndilo lililonikera. Mchoraji ameichora Berlin palepale mpakani, kana kwamba ukuta uliikata Ujerumani nzima vipande viwili. Berlin ilikuwa ndani kabisa ya Ujerumani Mashariki ya kikomunisti, na ukuta ule, ulioanza kujengwa Agosti 13, 1961, uliizunguka Berlin Magharibi, nusu ya mji isiyotawaliwa na wakomunisti, kilomita 155 hivi. Msichana mmoja akashangaa: "Kwa hivyo madam, waliozungukwa ndio walikuwa huru?" Ndiyo, mama. Nikachora duara kwa chaki sakafuni, nikamsimamisha ndani, wenzake 21 wakabaki nje wakimtazama. Hapo wakaelewa.

Kadi nazo ni tamu. Ya Günter Schabowski peke yake inarudisha nusu ya pesa yangu. Jioni ya Novemba 9, 1989, msemaji huyo wa chama cha kikomunisti kilichotawala Ujerumani Mashariki anawasomea waandishi wa habari karatasi kuhusu ruhusa mpya ya kusafiri. Inaanza lini? Anapekuapekua makaratasi, anajibu kwamba, ajuavyo yeye, ni sasa hivi. Kumbe ilikuwa itangazwe kesho yake! Watu wakafurika kwenye vituo vya kuvukia ukuta, na mnamo saa tano na nusu usiku afisa Harald Jäger, ambaye wakubwa wake hawakumpa amri ya kueleweka, akafungua kizuizi cha Bornholmer Straße. Kijana mmoja akasema ni kama naibu wa mwalimu mkuu atangaze paredini kwamba likizo imeanza, kumbe ni wiki ijayo. Madawati yaligongwa.

Shida ni kwamba Leipzig, mji mwingine wa Ujerumani Mashariki, imepewa kadi moja tu, tena maandishi madogo. Watu kama 70,000 waliandamana kule kuipinga serikali Oktoba 9 mwaka huohuo, na risasi haikufyatuliwa. Mwezi mmoja kabla, Hungary ilikuwa imewafungulia Wajerumani Mashariki njia ya kwenda Magharibi kupitia Austria. Mwalimu usipoyaeleza hayo mwenyewe, watoto watatoka wakidhani serikali iliangushwa na mtu aliyejikwaa ulimi.

Afrika haimo kabisa. Nilipowaambia Raila Odinga alisomea Magdeburg, Ujerumani Mashariki hiyohiyo, hata waliokuwa wakisinzia nyuma walikaa wima. Kisha nikawapa mahubiri ya Mchungaji Timothy Njoya ya Januari 1, 1990, yaliyolinganisha kuanguka kwa tawala za Ulaya Mashariki na utawala wa chama kimoja Afrika, na maswali yakatufikisha saa kumi na mbili.

Plastiki ya kadi imeanza kubanduka, na muhula haujaisha. Kwa shilingi 1,200 ningemwambia kila mwalimu anunue. Bango nimeligeuza, mgongo wake mweupe unafaa kuchorea ramani yangu.